Mkono wa Kulia wa Athmani

Tulimswalia Ami Nassoro siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri, na imamu alipotoa takbiri ya kwanza moyo wangu haukuwa kwa Mungu wala kwa maiti. Safu moja mbele yangu alisimama mtu mrefu mwenye mvi kisogoni. Aliinua mikono: wa kushoto ukafika sikioni, wa kulia ukaishia kifuani, ukatetemeka kidogo, ukashuka. Takbiri ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Astaghfirullah, hata kwenye sala ya jeneza mimi nilikuwa nampeleleza mtu. Nilimtambua kabla hajageuka kutoa salamu. Alikuwa Athmani, niliyekoroga naye halua karibu mwaka kwenye karai moja, tukitazamana uso kwa uso, na ambaye sikuwa nimezungumza naye kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisiwa chetu hiki si kikubwa. Watu wawili wakikaa humu muda huo wote bila kukutana, jua kwamba kila mmoja amekuwa akimkwepa mwenziwe.

Nilizaliwa nyumba gani na baba yangu alikuwa nani, hayo nayaacha. Nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja na nikapata kazi katika duka la halua la Ami Nassoro, Kibokoni. Lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye milango miwili, wa mbele wa wateja na wa nyuma wa kuni na moshi. Kuta zilishiba samli hata ukiegemea shati lilibaki na alama. Katikati palikuwa na jiko la kujengewa, na juu yake karai la shaba ambalo watu wawili walilibeba kwa shida likiwa tupu. Wakorogaji tulikuwa wawili, kila mmoja upande wake na mwiko mrefu wa mti, kutoka alfajiri hadi karibu na adhuhuri. Mwanzoni halua ni maji ya wanga na sukari, na mwiko wapita bila kazi. Saa ya mwisho hushika, ikawa nzito ya kung'ang'ania, na ukiacha kidogo tu huungua chini na kazi ya asubuhi nzima ikamwagwa. Ndipo Ami alipotoka chumba cha ndani na kibunda cha viungo alichokifunga mwenyewe, na sisi tulitakiwa kugeuza nyuso ukutani huku mikono ikiendelea kukoroga. Iliki tuliijua, zafarani na kungumanga tulizijua, pua tulikuwa nazo. Lakini Ami aliamini kuna kitu cha nne kibundani, na kwamba mji mzima unakitafuta.

Sharti lake jingine lilikuwa kwamba mkono wa kulia ndio utangulie juu ya mwiko, na ndio uvute. Wa kushoto ukae chini, usaidie tu. "Chakula cha watu hakikorogwi kwa mkono wa chooni," alituambia siku ya kwanza, na mlango wa mbele ulikuwa wazi, wateja wanaona kila kitu. Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe nisingenunua halua niliyoona imekorogwa kwa kushoto, na hadi leo nikila mahali hutazama kwanza mkono wa mpishi. Basi mikono minne ilikuwapo karaini na miwili ndiyo iliyofanya kazi, njia ileile ya kuzungusha, siku sita kwa wiki.

Athmani alikuwa kijana wa Majengo, mkubwa wangu kwa miaka miwili, mcheshi kupita kiasi. Kabla moto haujakolea tulikalia magunia ya sukari tukala mahamri na mbaazi za nazi, na yeye ndiye aliyemimina kahawa, kwa sababu mimi nilikuwa nimwagaji. Aliiga sauti ya kila mteja. Aliiga hata namna Ami anavyokohoa kabla ya kusema uongo wa bei. Nilimpenda, na sioni haya kuandika hivyo. Kisha mwaka ule likafunguliwa duka jipya la halua upande wa Marikiti, lenye kabati la kioo mbele, na ikasemekana mwenyewe anatafuta wakorogaji waliokwisha kujua kazi. Tangu siku hiyo Ami hakutulia. Alituuliza jana magharibi tulikuwa wapi. Alinusa mikono yetu tukitoka. Mlango wa chumba cha ndani ukapata kufuli la pili. Na mimi, badala ya kumcheka, nilimwona mtu mwenye akili, nikaanza kujifunza kwake.

Baada ya Idd, tuliyoipikia makarai mawili kwa siku, Athmani akaanza kushika kiwiko. Alisema maumivu yako nje ya kiwiko, juu ya ule mfupa, na yanashuka mpaka mgongo wa mkono. Asubuhi moja alinyanyua birika la kahawa animiminie, kiganja kikitazama chini, na birika likamtoka, likamwagika baina yetu. Alicheka. "Mkono wanifanyia mzaha," akasema. Baadaye hakuweza kuzungusha kitasa cha mlango, wala kukamua kitambaa cha kufutia. Mama yake alimkandia kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, kisha mafuta ya habasoda. Akapelekwa kwa mzee mmoja mchuaji wa Bondeni, aliyemkandamiza palepale panapouma kwa kidole gumba mpaka machozi yakamtoka, akasema mshipa umepanda na lazima ushushwe. Kesho yake hakuweza hata kufunga vifungo vya shati. Kisha akapigwa chuku, ile pembe ya kunyonya damu, akaja na duara tatu nyekundu, na Ami akaziangalia akasema alama kama zile mtu aweza kujitia mwenyewe kwa mdomo wa chupa.

Mwisho alikwenda zahanati akarudi na barua kwamba apumzishe mkono wiki sita. Ami aliipeleka barua mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Wiki sita? Mfupa uliovunjika waunga kwa wiki sita. Wewe hata uvimbe huna."

"Ami, basi nipe ruhusa nitangulize wa kushoto," Athmani akasema. "Hata nusu saa. Ile saa ya mwisho tu."

"Mbele ya wateja?"

"Tufunge mlango."

Hilo la kufunga mlango ndilo lililomharibia. Uso wa Ami ulibadilika. Afunge mlango kwa nini, na saa ile ya kibunda? Siku hiyo hiyo, Athmani alipotoka kwenda kuswali, Ami aliniita chumba cha ndani, mahali ambapo sikuwa nimewahi kukanyaga. Sikuona ajabu yoyote, magunia tu na mizani, ila alinikatia kipande cha halua chenye lozi nyingi, akaniketisha juu ya kiti chake.

"Saidi, wewe una mato ya kuona. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu mkono haumuumi. Huyu yuatafuta njia ya kutoka hapa bila kutiliwa shaka, aende kule akauze kazi yangu. Mtazame, kisha unambie."

Sikuambiwa niseme uongo, na sikusema. Hilo nimejifariji nalo miaka mingi. Nilimtazama tu. Nilimtazama akila, akifunga kamba za viatu, akipeana mikono na watu. Nilihesabu ni mara ngapi anakunja uso wakati Ami yupo, na mara ngapi Ami akiwa hayupo. Mtu ukimtazama hivyo kwa wiki mbili utamkuta na kosa, hata awe walii. Siku nyingine mkono ulimuuma akiinua kikombe, na dakika tano baadaye niliona ametupa kuni motoni bila neno. Niliyaweka yote moyoni.

Jumamosi moja palikuwa na walima, karamu ya harusi, mtaa wa Kuze, na Athmani alikuwa jamaa ya bwana harusi. Mikeka ilitandikwa njia nzima, wanaume tumeketi makundi makundi kungoja. Pilau lilipikiwa uani kwa jirani. Nikamwona Athmani anatoka huko na sinia la watu wanane, pilau limepanda mlima na nyama ya mbuzi juu, amelibeba kwa kiganja kimoja cha kulia, kiganja kikitazama mbinguni, sinia usawa wa bega, na mkono wa kushoto unawapangua watoto njiani. Alipita juu ya vichwa vya wazee bila kumwaga punje. Aliliweka mbele yetu, akanikonyeza, akaniambia, "Kula, Saidi, umekonda kwa kukoroga." Nilikula. Nilikula mpaka nikashiba, na kila tonge nilikuwa nikijiambia: yule asiyeweza birika la kahawa, huyu hapa.

Jumatatu nilimweleza Ami. Nilidhani yatabaki baina yetu, lakini yeye alinisimamisha kando ya karai, moto haujawashwa, Athmani upande wake wa kila siku.

"Sema ulichoona."

"Nalimuona Kuze, Jumamosi. Alibeba sinia."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Tupu, au na chakula?"

"Na chakula. Nami nalikula."

Athmani aliutazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza chini. Nilimngoja aape. Katika hesabu zangu za wakati ule, mtu wa kweli huapa.

"Kweli nalibeba," alisema. "Na halikuniuma. Sijui kwa nini."

"Kikombe chakuuma, sinia halikuumi," Ami akasema. "Mkono wako wajua kuchagua kazi."

Athmani akaonyeshwa mlango. Alifuta mwiko wake, akausimamisha ukutani, akavaa viatu akiwa amechuchumaa, na ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa akifunga kamba kwa mkono wa kushoto. Hilo nililiona pia. Nikajiambia hata hapa anaigiza. Hakwenda duka la Marikiti. Tulisikia yuko Shimanzi, anapakua magunia kwenye maghala, na hata hilo sisi tulilipatia maana: si alisema mkono mbovu? Ami alinipa nafasi ya mkorogaji mkuu, akaniletea mwenzangu mpya, mtu mzima asiyesema. Kahawa nilijimiminia mwenyewe. Nilimaliza mwaka nikaondoka, nikafanya kazi nyingine za maisha, na niliondoka na jambo moja nililoamini ni hekima: kwamba mtu husema kwa mdomo, lakini ukweli wake uko kwenye mikono, ukiitazama bila yeye kujua. Nimewatazama watu hivyo maisha yangu yote. Nimewatazama shemeji zangu, wafanyakazi wenzangu, hata wanangu wakiwa na homa siku ya mtihani.

Sasa nije mwaka jana. Nilianza kuumwa nyuma ya kisigino cha kushoto, pale juu ya kiatu. Nikiamka alfajiri siwezi kukanyaga, nashika ukuta mpaka bafuni. Nikishatembea kidogo yanapungua, na kufika saa nne natembea kama kawaida. Mke wangu ndiye hunituma mkate na maziwa asubuhi.

"Ajabu ya mguu huu," alisema, mbele ya wajukuu. "Alfajiri wachechemea, saa nne wapanda ngazi za baraza ya wenzako mbiombio. Mguu unajua saa ya mkate."

Wajukuu walicheka. Mimi nilikasirika kwa hasira ambayo sikuwa nimeijua, hasira ya mtu anayesema kweli na kweli yake inafanana na uongo. Niliacha chai nikatoka, na kwa kutoka vile nikazidi kuonekana mwongo. Mwishowe nilikwenda kliniki ya mazoezi ya viungo, si kwa ajili ya mguu tu bali nipate karatasi ya kumwonyesha mke wangu. Kwenye benchi la kungojea tulikuwa wanne. Fundi wa cherehani alikuwa na kidole gumba kilichofungwa kibao. Mama mkandaji wa mahamri alishika kifundo cha mkono. Na jitu la bandarini Kilindini, linalofunga makontena kwa minyororo, lilisema bega lake haliumi likivuta mnyororo, lakini haliwezi kufikia kopo la sukari rafuni. "Mke wangu asema ni kwa sababu rafu iko jikoni," akasema, na sote tukacheka, lakini kicheko chetu hakikuwa kirefu.

Aliyenihudumia alikuwa binti wa Kigiriama, Kadzo, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, na nilimshuku tangu mlangoni. Alinibonyeza kisigino mara moja tu, akajua.

"Hili ni kano, mzee. Ndiyo kamba inayoshikiza nyama kwenye mfupa. Limechoka."

"Mbona likishapata moto haliumi? Kitu kibovu kiume saa zote."

"Kano halina tabia hiyo. Linauma ukilivuta kwa ile njia iliyolichosha. Njia nyingine linakuacha salama."

Nilitaka sindano. Akaniambia sindano inaweza kutuliza maumivu na kano likabaki lilivyo, na kwa kisigino ni hatari, linaweza kukatika. Nisichuliwe, nisilale kitandani, nisikimbie. Nisimame ukingoni mwa ngazi kwa vidole, nipande kwa miguu miwili, nishuke taratibu kwa mmoja, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Nikaona hii ni adhabu ya shule, si dawa. Nikataka kumnasa. Nikamwuliza, je, mtu akiumwa kiwiko, hapa nje, akashindwa kunyanyua birika, huyo naye ana kano?

Alichukua kikombe chake mezani, kiganja chini. "Akinyanyua hivi analia," akasema. Kisha akageuza kiganja juu, akakiweka kikombe katikati. "Hivi anakamata mzigo wowote, kwa sababu ni kamba nyingine inayofanya kazi."

"Hata sinia?"

"Hata sinia la pilau, mzee. Kuna mtu wako ana hali hiyo?"

"Alikuwa nayo zamani. Angetibiwaje?"

"Angepumzishwa ile njia moja tu. Angetanguliza mkono mwingine. Baadaye angefundishwa kushusha uzito kidogo kidogo. Wengi wanapona vizuri."

Nilitoka nje nikaketi juu ya ngazi za kliniki mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nangoja gari. Nililia, na sikujali aliyeniona. Kisha nikarudi nyumbani nikafanya mazoezi yale miezi mitatu, na kisigino kikapona. Lakini Majengo sikwenda. Nilijua iko wapi, ningefika kwa miguu kabla ya chai kupoa, nami nikajitafutia sababu kila wiki. Nikasema pengine amehama. Pengine amesahau. Pengine nikimfufulia jambo nitamuumiza zaidi. Mtu aliyezoea kushuku wengine hana uhodari wa kujishuku mwenyewe.

Basi Alhamisi ile, baada ya kuzika, tuliketi matangani kwenye viti vya plastiki, nami nikaenda kukaa kando yake. Tulipeana salamu, akanipa mkono wa kushoto akaomba radhi.

"Wa kulia ulinikatika mshipa begani, Shimanzi. Kitambo."

"Ulibeba na ule ubovu wa kiwiko?"

"Nalibeba. Nikasema mkono mvivu dawa yake ni kazi. Ukiuma, naongeza gunia. Mwisho ukaamua kulala moja kwa moja."

Alisema bila uchungu, na hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: kisigino, yule binti, kano, kiganja juu na kiganja chini. Nilimwambia kwamba niliyoyaona Kuze yalikuwa kweli na maana niliyoyapa ilikuwa uongo. Nilimwomba msamaha. Watu walikuwa wakisoma Yasini kando yetu, na yeye aliwafuatisha kwa midomo mpaka wakamaliza.

"Kwa hivyo mkono ulikuwa ukiniuma kweli?"

"Ulikuwa ukikuuma kweli, Athmani."

"Mimi nalikuwa sijui," alisema. "Siku ile uliposema, nalijitazama nikaona kweli, mtu yuabebaje sinia na kikombe chamshinda? Nikasema basi, mimi ni mvivu na sikujijua. Nimeishi hivyo. Mke wangu nalimwambia mwenyewe kabla sijamwoa, nalifukuzwa kwa uvivu wa mkono. Wanangu wajua. Mtu akichelewa kazini kwetu, waambiwa usiwe kama mkono wa baba."

Nilirudia kuomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hajasema hadi leo ninapoandika. Alisimama, akatia viatu.

"Kule ulisema mbele ya Ami," akasema. "Twende nyumbani ukaseme na huku."

Tulitembea mpaka Majengo. Mkewe, Zuhura, alikuwa barazani anachambua mchele, wanawe wawili wa kiume, watu wazima, wamekaa kizingitini, na binti yao alitoka ndani aliposikia sauti ya babaye. Athmani aliwaambia tu, "Huyu ana maneno," akakaa nyuma yao kama msikilizaji mwingine. Nilisimama nikasema yote tangu mwanzo, pole pole, nikionyesha kwa mkono wangu mwenyewe, ila aliyemshitaki nikamwita mtu mmoja tu. Nilipomaliza, Zuhura aliweka ungo chini, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, na nilijua macho yale, maana ni yangu.

"Na wewe ni nani?" akauliza. "Nani aliyekutuma uje kumtetea leo, baada ya umri huu?"

"Sikutumwa, shemeji," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema ni mwongo."